Binti yangu anafuta hesabu mpaka daftari linatoboka. Ni sifa zimemharibu, au kuna jambo jingine?

#1 Mama Wawili (Pasua, Moshi)
Wakuu salaam. Naomba mawazo, matusi hapana.

Nina watoto wawili. Wa kike yuko darasa la tano, mdogo wake wa kiume yuko la tatu. Huyu wa kike tangu chekechea ni wa kwanza au wa pili, na mtaa mzima unajua. Bibi yake akishuka kutoka Marangu hata kiti hajakalia anaanza, "Profesa wangu yuko wapi?"

Sasa wamefika kwenye kujumlisha sehemu zenye asili (namba za chini) tofauti. Jumatano nimefungua daftari lake nikakuta swali la nne limefutwa, limeandikwa, limefutwa tena, mpaka karatasi imetoboka na ukurasa wa chini unaonekana. Ukurasa uliofuata kauchana kabisa. Namuuliza, ananiambia "mwalimu hajatufundisha". Nikampigia mama mwenzangu, mwanaye wa darasa hilo hilo kafanya maswali yote. Kakosa matano, lakini kafanya.

Mdogo wake ni kinyume. Anapata 4 kati ya 10, anacheka, anakula, halafu anarudi na daftari: "Mama, hii ya saba nilikosea wapi?" Kichwa chepesi kama cha dada yake hana, nasema ukweli. Ila kila muhula anapanda kidogo, na dada yake anashuka.

Nimekosea wapi?

#2 Chalii wa Sakina
Nimeweka kiti mbele kabisa. Mimi nilikuwa kama huyo mdogo, napata 4 kati ya 10 nikicheka. Nimecheka hivyo hivyo hadi kidato cha nne. Ziro haikunichekesha.

#3 Meku Mkavu
Mama, tatizo ni dogo sana. Mtoto haogopi kitu. Enzi zetu ukichana daftari unakula sita za moto na nyumbani baba anaongeza. Hatukuwa na muda wa kufuta-futa. Leo mmewafanya watoto mayai.

#4 Ticha Chaki (Arumeru)
Shikamoo mzee #3, ila hapo unapotosha. Kwanza hizo sita. Kanuni za viboko za 1979 zilirekebishwa 2002 na kiwango cha juu ni vinne, tena achape mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, na viandikwe kitabuni. Pili, umesoma vizuri alichoandika mama? Mtoto anayetoboa daftari haogopi kitu? Huyo anaogopa kuliko darasa zima.

Dada Mama Wawili, nafundisha hisabati mwaka wa kumi na sita. Hilo "profesa" la bibi ndilo ninaloliwekea alama ya kuuliza. Mwaka 1998 watafiti wawili Marekani, Claudia Mueller na Carol Dweck, waliwapa watoto wa darasa la tano mafumbo ya maumbo. Wakishamaliza, baadhi wanaambiwa "una akili wewe", wengine wanaambiwa "lazima umejituma". Sentensi moja tu. Baadaye wakapewa mafumbo magumu, wote wakaboronga. Halafu yakaja mengine mepesi kama ya mwanzo. Walioitwa wenye akili wakafanya vibaya kuliko walivyoanza, walioambiwa wamejituma wakafanya vizuri zaidi. Na walipotakiwa kumwandikia mtoto wa shule nyingine wamepata ngapi, hao "wenye akili" ndio waliodanganya zaidi.

Tazama sasa: "mwalimu hajatufundisha". Mtoto ana cheo cha kulinda. Kila swali gumu linataka kumvua uprofesa.

#5 Mama Wawili
Mwalimu, hiyo ya kudanganya imenichoma. Asante. Sasa bibi nitamwambiaje?

#6 Chalii wa Sakina
Mwambie bibi amwite "mjitumaji wangu". Kaa mbali na mkongojo.

#7 Meku Mkavu
Marahaba mwalimu. Lakini mimi nilichapwa na nikajua sehemu. Theluthi mbili jumlisha robo, niulize sasa hivi usiku huu, 11/12. Wazungu na mafumbo yao hawakunisaidia.

#8 Dada wa Njiro
Mzee #7, ulijua kwa sababu ya fimbo au pamoja na fimbo? Na wale waliochapwa sita wakaacha shule, hapa jukwaani hawapo kutuambia.

Kisa changu. Darasa la saba nilikuwa mtu wa kunyoosha kidole mpaka nasimama. Nikaingia kidato cha kwanza, kila kitu Kiingereza. Wiki ya kwanza nikajibu swali la baiolojia, jibu lilikuwa sahihi ila sentensi ilipinda, darasa likaangua kicheko na mwalimu akacheka nao. Sikunyoosha kidole tena mpaka kidato cha tatu. Hakuna aliyewahi kunisifia akili kupita kiasi, na hakuna aliyenichapa. Ulikuwa ulimi tu. Nimekaa miaka miwili najua majibu na nimefunga mdomo.

Kwa hiyo hii habari ya mwalimu #4, kwamba mambo yote ni "mtazamo" wa mtoto juu ya akili yake, naipokea nusu. Mtazamo wangu ulikuwa mzuri kabisa siku ya Jumatatu. Jumanne ulikuwa umekufa.

#9 Kalamu Nyekundu
Niongeze maji kwenye mvinyo wa mwalimu #4. Hiyo nadharia ya Dweck, ya mtazamo wa kukua (kuamini akili inakua kwa kujituma) dhidi ya mtazamo mgando (kuamini akili ni ile uliyozaliwa nayo), imeshapigwa darubini. Mwaka 2018 ulitoka uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi ukakuta uhusiano wa mtazamo na ufaulu ni mdogo kwa ujumla. Mwaka 2019 David Yeager na wenzake, Dweck mwenyewe akiwemo, wakachapisha kwenye jarida la Nature jaribio la wanafunzi kama 12,000 wa darasa la tisa Marekani. Somo la kompyuta lisilofika saa moja, la kuwaeleza kwamba ubongo hukua ukifanyishwa kazi ngumu. Waliokuwa chini kitaaluma wakapanda kama 0.1 kwenye kipimo cha alama 4.

Sifuri nukta moja, wakuu. Ni kitu, kwa somo la saa moja. Lakini siyo muujiza unaouzwa kwenye semina za hoteli za hapa mjini kwa kiingilio cha laki.

#10 Ticha Chaki
Kalamu, umesema kweli ila umeruka kipande kitamu. Kwenye utafiti huo huo, somo lilishika zaidi kwenye shule ambazo wanafunzi wenyewe kwa wenyewe wana desturi ya kupenda maswali magumu. Pale ambapo wenzako hawana habari hiyo, halikushika sana. Hapo ndipo kisa cha Dada #8 kinapoingia.

#11 Fundi Kufumua (Kiborloni)
Mimi sijasoma hayo majarida. Nina cherehani tatu na wanafunzi wawili, nitasema ninachokiona.

Kwenye ushonaji kitu cha kwanza ninachofundisha ni kufumua. Namkalisha binti na gauni la mtumba, namwambia ondoa mkono huu bila kujeruhi kitambaa. Wembe unaushika kwa ubavu, unakata uzi mmoja, unaruka mitatu, unakata tena, halafu unavuta uzi wa upande wa pili, unatoka wote kama mlenda. Wiki nzima anafumua tu. Wengine wanaona nawanyanyasa. Lakini anayejua kufumua haogopi kushona. Akipachika mkono ukavuta kwapani, hatetemeki, anafumua, anapachika upya.

Sasa kuna kosa lisilofumuliwa, la mkasi. Mwaka juzi mmoja wao alikata kitenge cha mteja, mikono yote miwili ikatoka ya kushoto. Alisahau kugeuza. Kitenge kile mteja aliletewa kutoka Kongo, huku hakipo. Nililipa mimi. Yule binti alinyamaza siku tatu, na kuanzia hapo hakushika mkasi mbele yangu miezi miwili. Sikumgombeza hata neno. Nilikosea hapo, nadhani. Angegombezwa yangeisha.

Nilichofanya baadaye, nilinunua mashuka ya mtumba, nikamwambia kata mikono ishirini, ya kushoto kumi na ya kulia kumi, na shuka likiharibika ni langu. Shuka la tatu mkono ukarudi kuwa mwepesi.

Mama Wawili, mwanao anafuta kwa sababu anajua kufumua au anaona kila kosa ni la mkasi?

#12 Mama Wawili
Fundi, nimekaa na hilo swali dakika kumi. Ni la mkasi. Mtihani wa mwezi wanabandika majina ukutani kwa nafasi.

#13 Pangolini
Mnasahau mfano wa hapa hapa Moshi. Erasto Mpemba, mwanafunzi wa sekondari hapa, alisema maziwa moto yanaganda haraka kuliko ya baridi. Walimu wakamcheka, dunia nzima ikaja kumpigia saluti. Kosa likageuka ugunduzi.

#14 Binti Lushoto
Pangolini, Mpemba ni wetu, shusha bendera. Ilikuwa 1963, shule ya Magamba, Lushoto. Walikuwa wanatengeneza aiskrimu, maziwa wanayachemsha na sukari, halafu yapoe ndiyo yaingie kwenye friji. Nafasi kwenye friji ikawa inagombewa, yeye akayatia ya moto vile vile. Yakaganda kabla ya ya mwenzake. Akamuuliza mwalimu wa fizikia, akaambiwa umechanganyikiwa wewe.

Kicheko cha "hiyo ni fizikia ya Mpemba" kilikuja baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa. Ikawa ndiyo kejeli ya darasa, ukikosea hesabu wanasema hiyo ni hisabati ya Mpemba. Siku moja akaja Denis Osborne kutoka chuo kikuu Dar es Salaam, jamaa akasimama mbele ya wale wale waliomcheka akauliza: vyombo viwili, maji sawa, kimoja nyuzi 35 na kingine nyuzi 100, kwa nini cha 100 kinaganda kwanza? Osborne hakucheka. Alikwenda kujaribu. Andiko lao la pamoja lilitoka 1969.

#15 Pangolini
Nimekubali Lushoto. Lakini Moshi haitoki mikono mitupu: andiko hilo la 1969 linamtaja Mpemba akiwa chuo cha wanyamapori Mweka. Mweka iko wapi, dada?

#16 Binti Lushoto
Haya chukueni Mweka. Friji ni letu.

#17 Kalamu Nyekundu
Na kabla hamjajenga mnara: mwaka 2016 Burridge na Linden walipima upya na kupitia vipimo vya wengine, wakasema hawaoni ushahidi wa maana kwamba jambo lenyewe lipo. Wengine bado wanabisha. Kwa hiyo inawezekana mwalimu wa Magamba alikuwa sahihi, ila jibu lake lilikuwa baya.

#18 Meku Mkavu
Sahihi ila jibu baya. Kalamu unajua kutuchanganya wazee.

#19 Chalii wa Sakina
Wakuu mimi nina friji la barafu za ubuyu. Natia vikombe viwili sasa hivi, kimoja cha birika na kimoja cha bomba. Nakuja na majibu.

#20 Pumzi Fupi
Napandisha wageni Kilimanjaro mwaka wa kumi na moja, nilianza mpagazi. Huu uzi umenikumbusha kitu.

Kila jioni kambini tunapita kila hema: kichwa kinauma? umekula? umelala? Tunawavalisha kipima oksijeni kidoleni. Wanaonisumbua siyo wazee, ni vijana wenye misuli. Mama wa miaka sitini atakwambia "kichwa kinagonga, nimetapika mara moja". Unampa maji, unapunguza mwendo, anafika kilele cha Uhuru mita 5,895 na machozi. Kijana wa mazoezi anasema "niko sawa" kuanzia lango la Machame mpaka kambi ya Barafu, halafu saa nane usiku juu ya kambi hiyo anaanza kuyumba kama kalewa. Hapo hakuna mjadala, ni kushuka naye mbio.

Kwa hiyo nilikuwa nasema kama mwalimu: kijana ana cheo cha kulinda. Lakini mwaka wangu wa kwanza mimi mwenyewe nilificha kichwa siku mbili nikiwa na kilo ishirini begani. Sina misuli wala uprofesa. Nilificha kwa sababu mpagazi akisema anaumwa, safari ijayo jina lake halisomwi getini. Mgeni akikiri anapewa chai ya tangawizi. Mimi nikikiri, nalala njaa.

Msitwambie tu tuwe na mtazamo mzuri juu ya makosa. Semeni kwanza kosa la nani linalipwa na nani.

#21 Dada wa Njiro
#20 umeniua. Naihifadhi hii.

#22 Meku Mkavu
Pumzi Fupi sawa, lakini kuna watu hawajali nani analipa. John Stephen Akhwari wa Mbulu, Mexico 1968, kaanguka, goti limefungwa bandeji, kafika uwanjani wa mwisho watu wameshaanza kuondoka. Tunamkumbuka kuliko aliyeshinda.

#23 Kalamu Nyekundu
Aliyeshinda ni Mamo Wolde, na Ethiopia wanamkumbuka sana. Halafu mzee, Akhwari siku ile alivumilia. Alijifunza nini? Kuvumilia na kujifunza ni vitu viwili. Mtoto wa Mama Wawili anavumilia sana, angalia shimo kwenye daftari.

#24 Ticha Chaki
Hapo Kalamu nakupa vema. Kufuta tena na tena ni bidii, ila ni bidii isiyoangalia kosa. Dada, unaweza kutuambia alichokuwa anaandika kabla ya kufuta? Shimo halitusaidii, kosa lenyewe ndilo linaongea.

#25 Mama Wawili
Nimelishikilia karatasi kwenye taa, alama za penseli zinaonekana. Swali ni 2/3 + 1/4. Ameandika 3/7. Kafuta. Kaandika 3/7 tena. Kama mara nne 3/7.

#26 Ticha Chaki
Nilijua. Kajumlisha kiasi kwa kiasi (namba za juu), asili kwa asili. Nusu ya darasa langu hufanya hivyo, na siyo ujinga: kachukua kanuni aliyoizoea ya kujumlisha namba nzima kaipeleka isikofika. Usimwambie "kosa". Muulize: una theluthi mbili za chapati, nakuongezea robo chapati, unabaki na chapati kubwa au ndogo kuliko ya mwanzo? Halafu mwache alinganishe 3/7 na 2/3. Akiona chapati imepungua baada ya kuongezewa, atacheka mwenyewe. Mimi nikikuta 3/7 naiandika ubaoni bila jina la mtu, tunaijadili. Makosa mazuri nayaweka kwenye daftari langu, yananisaidia kuliko kitabu cha kiada.

#27 Chalii wa Sakina
Taarifa ya maabara: umeme umekatika Sakina yote. Sayansi imesimama.

#28 Binti Lushoto
Mwaka 1963 tulikuwa na friji, 2020 na kitu nyie hamna umeme. Haya.

#29 Jirani wa Rau
Nimechelewa. Jamani hakuna aliyefikiria macho? Mpwa wangu alikuwa hivyo hivyo, wa kwanza darasani, akashuka ghafla darasa la tano, tukamsema mvivu mpaka basi. Kumbe walihamishwa viti akawa nyuma, ubao haoni. Miwani tu. Mpeleke hospitali ya KCMC akapimwe kabla hamjampa nadharia za Marekani.

#30 Kalamu Nyekundu
Haya ndiyo maneno. Uzi mzima tumechambua roho ya mtoto, hakuna aliyeuliza anakaa dawati la wapi.

#31 Fundi Kufumua
Macho apimwe, sawa. Lakini 3/7 mara nne siyo macho. Karatasi ya daftari iko sentimita thelathini kutoka usoni.

#32 Meku Mkavu
Na huyo mdogo wake kwa nini hajali? Nyumba moja, mama mmoja, bibi mmoja. Mimi nasema damu. Wengine wanazaliwa hivyo.

#33 Dada wa Njiro
Au kwa sababu hakuna aliyemtarajia, mzee. Mama kaandika mwenyewe #1, "kichwa chepesi hana". Mtoto amesikia hiyo na amepata uhuru wake.

#34 Mama Wawili
Dada wa Njiro umenigusa pabaya, lakini nimestahili.

Mrejesho wa Jumapili. Macho tunakwenda wiki ijayo. Penseli na kifutio nimevificha, nimempa kalamu ya wino, nikamwambia ukikosea piga mstari mmoja, kisomeke. Mwanzo alilia. Nikampa chapati halisi, tukaikata. Theluthi mbili kwenye sahani, nikaongeza robo. Akaangalia 3/7 yake, akaangalia sahani, akasema "sasa hii robo imeliwa na nani?" Mdogo wake akasema ni yeye, na kweli alikuwa anatafuna.

Ameipata 11/12 mara ya tatu. Mbili zilizokatwa zipo juu yake, zinasomeka. Halafu akaniuliza: "Mama, mwalimu akiona hizi nilizokata, atanipunguzia alama za usafi?" Sikuwa na jibu. Nimekumbuka kweli wanatoa alama za usafi wa daftari.

#35 Ticha Chaki
Zipo, na mimi nilikuwa nazitoa. Mnunulie daftari la pili la kuharibu, lisiende shuleni. Kama mashuka ya Fundi. Najua ni kumkwepa mwalimu wake, ila kwa sasa fanya hivyo.

#36 Pumzi Fupi
Kwa hiyo kosa lifichwe nyumbani. Sawa, tumerudi getini.

#37 Chalii wa Sakina
Maabara imefunguliwa. Umeme ulirudi usiku wa manane. Vikombe vyote viwili ni mawe. Kipi kilitangulia sijui, nilikuwa nimelala.

#38 Fundi Kufumua
Rudia leo. Usilale.